New Vegas, Fallout 4, Cyberpunk au Starfield: lipi la kuwekea modi ukiwa Mtwara au Lindi

Korosho zikianza kulipwa, kuanzia Novemba hivi, swali huwa lilelile, liwe limetoka Masasi, Newala au Nachingwea: "Kaka, nimepata kompyuta. Niweke gemu gani la hadithi za kisayansi, lenye dunia kubwa ya kuzunguka, ambalo naweza kulibadilisha nitakavyo?" Wanaouliza wameshachoka na mpira wa kwenye banda la gemu. Wanataka dunia ambayo mtu anaingia, anaamua yeye ni nani, anaenda anakotaka, na kitu kikimchosha anakibadilisha kwa modi, zile faili ambazo wachezaji wenyewe hutengeneza na kugawiana.

Majina yanayorudi ni manne: Fallout: New Vegas la 2010, Fallout 4 la 2015, Cyberpunk 2077 la 2020 na Starfield la 2023. Nitoe msimamo wangu mapema. Mwenye mashine dhaifu achukue New Vegas, na asijione amepewa makombo. Mwenye mashine ya kati achukue Fallout 4, na hilo ndilo ninalowashauri watu wengi zaidi. Cyberpunk ni la mwenye kadi nzuri ya picha anayependa hadithi kuliko kufumua na kufuma upya. Starfield naliweka mwisho, ingawa yupo mtu ambaye linamfaa kuliko yote, nitamfikia.

Kipimo changu kikubwa si uzuri wa picha. Huku kwetu, gemu la kuwekea modi linatakiwa liwe limetulia, maana kila toleo jipya linakula bando na kuvunja modi kwa wakati mmoja. Nitalieleza hilo kwa kirefu, lakini mashine kwanza.

Mashine uliyonayo

New Vegas linaomba RAM ya GB 2 na nafasi ya GB 10. Laptopu ya mtumba iliyotoka ofisini, isiyo na kadi yake ya picha, inalimudu. Fallout 4 linaomba RAM ya GB 8, nafasi ya GB 30 na kadi kama GTX 550 Ti yenye GB 2. Hicho ni kiwango cha kulicheza lilivyo. Ukishaanza kupachika modi za picha, tafuta kadi ya GB 4 kwenda juu. Cyberpunk, baada ya masharti yake kupandishwa mwaka 2023, linataka RAM ya GB 12, nafasi ya GB 70 kwenye SSD, yaani diski ya kasi isiyozunguka, na kadi ya kiwango cha GTX 1060 ya GB 6. Starfield linaanzia RAM ya GB 16, nafasi ya GB 125 na kadi kama GTX 1070 Ti au RX 5700, na SSD si ombi, ni lazima. Ukiliweka kwenye diski ya kuzunguka, midomo ya wahusika inatangulia sauti zao na milango inafunguka kwa kusuasua.

Jingine ambalo masharti ya kwenye duka hayaandiki ni joto na chumvi. Anayekaa Shangani, au popote upepo wa bahari unapofika, ampe fundi mashine mapema afungue na kusafisha feni. Starfield na Cyberpunk zinaikamua kadi ya picha muda wote unaocheza. Februari ya Mtwara Mjini si sawa na Februari ya Newala kule juu ya uwanda wa Makonde.

Toleo lililotulia

Tarehe 25 Aprili 2024, wakati tamthilia ya Fallout ikiwa imetoka mwezi huohuo na watu wamelirudia gemu kwa wingi, Fallout 4 lilipewa sasisho kubwa. Waliokuwa na modi nyingi wakafungua gemu na kukuta haliwaki. Sababu yake ni ya kiufundi na inafaa kuijua kabla hujachagua. Modi nzito hutegemea programu ndogo inayoitwa F4SE, ambayo inajishikiza kwenye anwani mahsusi ndani ya faili kuu ya gemu. Watengenezaji wakiijenga upya faili hiyo, hata kama wamerekebisha jambo dogo, anwani zote zinahama. F4SE inagonga mlango wa nyumba iliyohamishwa. Hapo inabidi isubiriwe F4SE mpya, halafu kila modi inayoitegemea isubiri zamu yake, na nyingine wenyewe walishaacha kuzishughulikia zamani.

Hata Fallout: London, modi kubwa kiasi cha gemu zima, ilikumbwa. Ilipangwa kutoka Aprili hiyo, ikasogezwa, ikatoka tarehe 25 Julai 2024, na sharti lake la kwanza lilikuwa kulirudisha Fallout 4 kwenye toleo la kabla ya sasisho.

Mtu wa mji wenye faiba ya nyumbani anakasirika siku mbili, anapakua upya, maisha yanaendelea. Sisi tunahesabu GB. Na mwezi uliofuata sasisho lile, Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ya Tanzania ikawa ya kutambaa. Aliyekuwa na gemu lake na modi zake zote kwenye diski hakupungukiwa na kitu.

Kwa kipimo hiki New Vegas halina mpinzani. Halijaguswa na sasisho la maana kwa zaidi ya miaka kumi, kwa hiyo modi iliyofanya kazi mwaka juzi itafanya kazi na leo. Fallout 4 linafuata, kwa sharti moja: ukishalipata toleo ambalo modi zako zinalikubali, lifungie hapo. Nakili folda nzima ya gemu kwenye diski ya nje kabla hujaweka modi ya kwanza. Kama umenunua kwenye duka la mtandaoni la Steam, weka mpangilio wa kutosasisha mpaka gemu lifunguliwe, kisha uwe unaliwasha kupitia F4SE, usibonyeze kitufe cha kawaida cha Steam. Cyberpunk limeendelea kupata matoleo muda mrefu kuliko wengi walivyotegemea. Lile la 2.3 lilitoka Julai 2025, na kila likija, programu zake za msingi kama Cyber Engine Tweaks na RED4ext zinahitaji kusasishwa. Starfield nalo lina F4SE yake, iitwayo SFSE, yenye shida hiyohiyo, juu ya gemu ambalo bado linafanyiwa kazi.

Hapa duka unalonunulia lina uzito wake. New Vegas, Fallout 4 na Cyberpunk zinapatikana GOG, ambako ukishalipia unapewa faili za kusakinishia zisizohitaji intaneti wala kufunguliwa na seva. Maana yake ndugu yako aliye Dar, penye intaneti ya uhakika, anazipakua kwa akaunti yako, anaziweka kwenye diski, diski inapanda basi la Mtwara na asubuhi uko nayo mkononi. Umelipia kihalali, hujachoma bando, na una nakala yako maisha yote. Malipo unaweza kufanya kwa kadi ya mtandaoni inayotolewa na huduma za pesa za simu. Starfield halipo GOG. Linapitia Steam au Xbox, na hizo GB zaidi ya 100 utazipakua mwenyewe.

Modi nazo hazilingani kwa uzito. Zinazobadili kanuni, mazungumzo, silaha na misheni mara nyingi ni nyepesi. Zinazobadili picha ndizo zinazomaliza bando. Kwa New Vegas, vitu vya lazima ni xNVSE (ndugu wa F4SE kwa gemu hili), kirekebishi cha GB 4 kinachoruhusu gemu kutumia RAM zaidi ya GB 2, NVTF ya kuondoa kusitasita kwa picha, na YUP inayorekebisha makosa yaliyoachwa na watengenezaji. Vyote vinapakuliwa usiku mmoja bila maumivu. Kwa Fallout 4 anza na F4SE, Unofficial Fallout 4 Patch ya kurekebisha makosa, na Buffout 4, ambayo gemu likijifunga inakuandikia ripoti ya kilicholiangusha. Halafu ipo pakiti rasmi ya picha kali za Fallout 4, ya mwaka 2017, yenye GB 58. Iache. Ni karibu mara mbili ya gemu lenyewe, na modi za picha za wachezaji, ukichagua chache, zinapendeza zaidi kwa sehemu ndogo ya uzito huo.

Kupachika modi bila kujiharibia

Kwa Fallout zote mbili na Starfield, tumia Mod Organizer 2. Naisisitiza kwa sababu ya umeme. Programu hii inaiweka kila modi kwenye folda yake pembeni, na gemu linapowashwa ndipo inaliaminisha kwamba faili zote zimo ndani yake. Folda halisi ya gemu haiguswi. Umeme ukikatika katikati ya kusakinisha, kilichoharibika ni folda ya modi ile moja, unaifuta, unarudia. Vortex nayo ni nzuri na rahisi kuielewa, ila yenyewe inaunganisha faili mpaka ndani ya folda ya gemu, na kukiharibika jambo kusafisha kunachukua muda.

Kazi yenyewe inafananaje? Chukua baa ya Goodsprings, kile kijiji unachoanzia New Vegas. Umeweka modi inayobadilisha mwanga wa ndani uwe wa jioni, kisha nyingine inayoongeza meza na viti. Unaingia baa, meza zipo, mwanga ni uleule wa zamani. Hakuna modi mbovu hapo. Ile ya meza, kwa kuwa imegusa chumba kile, imebeba pia nakala ya taarifa zote za chumba, mwanga wa awali ukiwemo, na kwa vile imekaa chini kwenye mpangilio, neno lake ndilo la mwisho. Unafungua FNVEdit, programu ya kukagulia modi, unaziona modi zimepangwa safu kwa safu, na pale zinapogongana pamewekwa rangi nyekundu. Unatengeneza faili ndogo ya upatanisho, unaburuta mwanga kutoka safu ya kwanza, unahifadhi. Ukirudi baa, mwanga ni wa jioni na meza zako zipo. Raha ya siku hiyo ya kwanza unapoelewa hili ni kubwa kuliko ya kummaliza adui yeyote ndani ya gemu, na elimu hiyo utaenda nayo mpaka Starfield, kwani injini yao, yaani programu ya msingi inayoliendesha gemu, ni ya ukoo mmoja.

Na hifadhi mchezo kwa mkono, kila mara kwenye nafasi mpya. Usitegemee hifadhi ya haraka inayoandika juu ya ileile. Umeme ukikata inapoandika, ndiyo basi.

Cyberpunk liko tofauti. Modi zake nyingi unazitupia tu kwenye folda zake na zinaamka, ndiyo maana anayeanza analiona rahisi. Lakini watengenezaji hawakutoa warsha kamili kama Creation Kit ya Bethesda, watengenezaji wa Fallout 4 na Starfield, kwa hiyo utapata nguo, magari, mitindo ya mapigano na mwanga, huku misheni mpya ndefu zikiwa chache. Unalipamba jiji zaidi ya unavyolijenga upya.

Raha yenyewe

New Vegas linakuanza umepigwa risasi ya kichwa na kuzikwa, ukafukuliwa na roboti. Muda si mrefu unakutana na Ringo, mfanyabiashara anayejificha kwenye kituo cha mafuta kilichokufa, na Joe Cobb, jambazi anayemtaka. Ukimtetea Ringo unaweza kukusanya wanakijiji wamsaidie, na kila mmoja anahitaji njia yake: mwenye duka anamsikia mtu anayejua biashara, mzee Pete anatoa baruti kwa anayeonyesha kuielewa, daktari anatoa dawa kwa mwenye ujuzi wa tiba. Ukitaka, unaungana na Cobb na kukiteka kijiji kilichokutibu. Yote hayo ni mwanzo tu, na gemu zima liko hivyo mpaka bwawa la Hoover mwishoni. Obsidian walilitengeneza kwa takriban mwaka mmoja na nusu, na ubovu wake wa kiufundi ulitokana na haraka hiyo. Ndiyo maana modi za marekebisho kwake ni lazima, si pambo. Kwa uandishi, hakuna kati ya mengine matatu linalolifikia.

Fallout 4 ni dhaifu pale ambapo New Vegas lina nguvu. Mhusika wako ana sauti yake tayari, majibu ni manne, na mara nyingi yote yanaishia palepale. Modi ya Full Dialogue Interface inasaidia kukuonyesha sentensi nzima kabla hujaichagua. Raha yake iko mikononi: unabomoa nyumba zilizooza za Sanctuary, unachimba pampu, unafunga jenereta, unavuta nyaya mpaka taa zinawaka, watu wanahamia. Silaha unaifungua kipande kwa kipande. Ukiongeza Sim Settlements 2, wakazi wanajijengea wenyewe kwenye viwanja unavyowapa na gemu linapata hadithi mpya kabisa. Hakuna jingine hapa ambalo modi zimelipanua kiasi hicho, na kwa mashine ya kawaida.

Cyberpunk lilitoka bovu Desemba 2020, likaondolewa hata kwenye duka la PlayStation mpaka Juni 2021. Hilo limepita. Tangu toleo la 2.0 na nyongeza ya Phantom Liberty, zote za Septemba 2023, Night City ni jiji zuri kuliko majiji yote niliyowahi kutembea kwenye gemu. Unatoka chumbani, unashuka lifti, unaingia barabarani bila skrini ya kusubiri hata moja. Lifurahie lilivyo. Modi ziwe chumvi tu.

Starfield lina zaidi ya sayari 1,000, na karakana yake ya kuunda chombo cha angani ndiyo bora niliyoigusa. Lakini kati ya chombo na sayari kuna skrini za kusubiri, na majengo yaleyale unayakuta sayari baada ya sayari, mpaka mahali pa kuhifadhia vitu unapajua kabla hujafungua mlango. Sasa yule mtu wake ninayemsema ni fundi: anayetaka kutengeneza modi, si kuzipakua. Creation Kit yake ilitolewa Juni 2024, na wingi wa sayari ambao kwa mchezaji ni utupu, kwake ni viwanja. Anaweza kujenga mji mzima kwenye sayari isiyo na mtu na asigongane na modi ya mwingine. Kama ndiwe huyo na mashine unayo, Starfield ndilo lako, na mengine niliyosema usiyahesabu.

Mwenye Xbox Series anaweza kupata modi za Fallout 4 na Starfield ndani ya gemu lenyewe, bila F4SE wala SFSE. Kwenye PlayStation, modi za Fallout 4 haziruhusiwi kuingiza picha wala sauti za nje, hivyo chaguo ni finyu. New Vegas na Cyberpunk modi zake zinahitaji kompyuta.

Kiswahili

Kijana mmoja wa Nachingwea anacheza Fallout 4 kwa ustadi, lakini mazungumzo yote anayaruka. "Kaka, huyu amesema nini?" ananiuliza, na gemu linalosimama juu ya maamuzi linakuwa la risasi tu. Modi ya tafsiri inaweza kuliondoa tatizo hilo, na lugha yetu ina bahati: herufi zetu zote zimo kwenye fonti za magemu haya, kwa hiyo hatuhitaji kubadilisha fonti kama wanavyolazimika wenye maandishi mengine.

Ukubwa wa kazi ndio unaochagua. New Vegas lina mistari ya mazungumzo ipatayo 65,000, Fallout 4 takriban 111,000, Starfield zaidi ya 250,000. Kwa idadi, New Vegas ndilo jepesi, ila maandishi yake yamezama ndani ya faili kuu za gemu, yakichanganyika na mengine yote. Fallout 4 na Starfield zimeyatenga kwenye faili zake za maandishi, na programu ya xTranslator inazifungua zikiwa safu mbili, asili kushoto na tafsiri kulia. Ndiyo sababu nyingine ya kulipendelea Fallout 4 kwa kundi la marafiki wanaotaka kufanya kazi hii pamoja. Anzeni na menyu, ambazo ziko kwenye faili moja ya maandishi iitwayo Translate_en.txt, kisha majina ya vitu na maelezo ya misheni, mazungumzo baadaye, mhusika kwa mhusika. Gawaneni kabla ya kuanza na mkubaliane maneno ya kudumu: kama *settlement* mmoja anaiita makazi na mwingine kijiji, mchezaji atadhani ni vitu viwili. Faili nzima ya menyu inatosha kutumwa kwa simu, na mtu wa Ruangwa anaweza kufanya sehemu yake hata bila kuwa na gemu lenyewe.